Makumbusho Yasiyo na Kuta: Kutoka Kitengela Mpaka Olorgesailie

Aendaye Magadi kwa gari hupita Olorgesailie bila kugeuza shingo. Haoni kitu ila migunga, vumbi jeupe, mbuzi walalao kivulini, na mlima mmoja ambao moto wake ulizimika zamani sana. Kibao cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya kipo kando ya barabara, lakini dereva ana haraka na abiria wana kiu. Hivyo ndivyo mahali panapojulikana sana na wataalamu wa Ulaya na Marekani panavyobaki pageni kwa watu wengi wa Kajiado wenyewe, ambao mifugo yao hulisha karibu na ua wake.

Katika likizo ya Agosti mwalimu mmoja wa historia wa Kitengela alikodi matatu na kuwachukua watu kumi na mmoja kwenda kupaona. Walikuwamo wanafunzi sita wa sekondari, makarani wawili wa ofisi za Kajiado, mkulima wa nyanya na vitunguu pamoja na mkewe, na mzee mmoja mfugaji ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale wanafunzi. Mzee huyo alikuwa amekwisha kukataa mara mbili. Alisema kwamba mawe anayo ya kutosha nyumbani kwake, wala hahitaji kulipa nauli ili aonyeshwe mengine.

Njia ya kutoka Kitengela yenyewe ni somo. Wazee waikumbuka nchi ya Kaputiei ilipokuwa wazi mpaka upeo wa macho, nyumbu na punda milia wakitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi kila masika na kutawanyika humo. Mwaka 1968 ikapitishwa sheria ya ranchi za vikundi, na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Waliopata hati waliweza kukopa na kujenga. Waliweza pia kuuza, na wengi waliuza. Leo msafiri huona nyumba za ghorofa, maduka ya saruji, na seng'enge baada ya seng'enge. Nyumbu wachache waliosalia hutafuta mahali pa kupenya.

Huko Isinya makarani, mzee na mjukuu wake, waliokuwa wametoka Kajiado alfajiri, walipanda gari. Wanafunzi wakainamisha vichwa mmoja mmoja ili mzee awaguse, hata wale wasio Wamasai, na mzee akafurahi kidogo. Kisha wakaiacha barabara ya Namanga wakashika ile ya Kiserian, na baada ya Kiserian wakafika Corner Baridi, mahali palipostahili jina lake, kwani upepo wa pale humvua mtu kofia. Hapo Bonde la Ufa hufunguka ghafula chini ya miguu. Barabara huteremka, na kila baada ya kilomita chache joto huongezeka, hata ilipofika Oltepesi hapakuwa na mtu aliyebakiwa na koti mwilini.

Jumba la makumbusho ni dogo. Karani mmoja, aliyetazamia jengo kama lile la Nairobi, alinong'ona kwamba wamedanganywa. Lakini yafaa ieleweke kwamba jumba si makumbusho yenyewe. Makumbusho yenyewe ni ardhi iliyo nje.

Kijana aongozaye wageni, naye ni mzaliwa wa upande ule, aliwapeleka kwa njia ya miguu katikati ya mabonde yaliyochimbwa na maji ya mvua. Aliokota bonge la udongo mweupe akampa mke wa mkulima alishike. Lilikuwa jepesi mno, kama mkate uliokauka. Akaeleza kwamba weupe ule ni mabaki ya mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kuzama chini tabaka juu ya tabaka; maana nchi ile kavu ilikuwa ziwa. Ziwa lilijaa, likapungua, likajaa tena, na mara kwa mara majivu ya volkano yaliangukia juu yake. Majivu hayo ndiyo yanayowawezesha wataalamu kupima umri wa kila tabaka. Tabaka kuu za Olorgesailie ni za tangu miaka kama 1,200,000 mpaka karibu miaka 500,000 iliyopita.

Profesa John Walter Gregory, yule Mwingereza aliyelipa Bonde la Ufa jina lake la Kiingereza, aliona mashoka ya mawe hapo mwaka 1919. Lakini aliyoyaona hayakufuatwa mpaka mwaka 1942, Louis Leakey na mkewe Mary walipofika na kukuta ardhi imetapakaa mashoka. Vita vilikuwa vikiendelea, na miongoni mwa waliochimba walikuwamo mateka wa Kitaliano. Mwaka 1947 mahali hapo palifunguliwa kwa watu wote.

Sasa wageni walifika kwenye daraja la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi. Chini yake mashoka yamelala. Si kumi wala hamsini. Ni mengi, mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, yameelekea huku na huku, kama vitu vilivyoachwa na mafundi waliokwenda kunywa maji. Hayakupangwa wala kuoshwa. Yamo pale pale yalipokutwa, na paa limejengwa juu yake.

Kwa muda hapana aliyesema neno. Kisha mzee akauliza, "Mbona hawakuyachukua wakaenda nayo Nairobi, au Ulaya?"

Kijana akajibu kwamba mengine yalichukuliwa, ila haya yaliachwa kwa makusudi. Jiwe likiwa kabatini humwambia mtu umbo lake tu. Likiwa pale lilipoanguka, pamoja na mawenzake na mifupa ya wanyama iliyo karibu, husema zaidi. Akatoa mfano wa tembo wa aina iliyokwisha kutoweka, mkubwa kuliko tembo wa leo, ambaye mifupa yake ilikutwa Olorgesailie imezungukwa na vigae vikali vya mawe yaliyotumika kumchuna. Mtu akiyatenganisha mawe na mifupa, habari nzima imepotea.

Mkulima hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini mashoka yawe mengi hivi mahali pamoja. Alisema kwamba yeye akinunua jembe halitupi hata libaki ulimi. Kijana akamwambia kwamba swali lake ndilo lililowagombanisha wataalamu kwa miaka mingi. Glynn Isaac, aliyechimba hapo katika miaka ya 1960, alilishughulikia sana: je, watu walirudi mahali pale pale vizazi kwa vizazi, au maji ya kijito yaliyasukuma mawe na kuyakusanya? Majibu hutofautiana kutoka shimo hata shimo. Lawa ya kutengenezea mashoka ilipatikana mlimani pale pale, kwa hiyo fundi hakuwa na haja ya kubeba shoka kuukuu; alichonga jipya.

Liko jiwe ambalo wageni huruhusiwa kulishika. Mkulima aliligeuza mkononi kwa muda mrefu, akalipima uzito, akapitisha kidole kwenye makali. Pande zake mbili zilikuwa sawasawa, kama jani lililokunjwa katikati. Akasema, "Aliyefanya kazi hii hakutaka kukata nyama tu. Kwa kukata nyama kigae chochote kingetosha. Huyu alitaka lipendeze." Hapo walio na elimu na wasio nayo huwa sawa, maana jambo lile lile limeandikwa na kubishaniwa katika vyuo vikuu: kama shoka la mawe ni chombo tu, au ndio mwanzo wa sanaa. Mkulima wa vitunguu alifika kwenye swali hilo kwa dakika tano, kwa mikono yake.

Mwalimu aliona kwamba hesabu ya miaka imewashinda wanafunzi, akatumia njia nyingine. Aliwauliza Wamasai huhesabuje mambo ya kale. Mjukuu wa mzee akajibu kwamba huhesabu kwa marika. Mwalimu akasema, tukadirie rika moja kuwa miaka kumi na mitano. Mzee aweza kutaja marika mangapi kurudi nyuma? Mzee akayataja, akihesabu kwa vidole, akafika manane akasimama. "Basi," akasema mwalimu, "mashoka haya, tukiyapa miaka 700,000 tu, ni marika zaidi ya elfu arobaini na sita." Mzee alicheka, akasema kwamba hata ng'ombe hana mkia mrefu kiasi hicho.

Yaliyomgusa mzee hayakuwa mashoka. Yalikuwa habari za vitu vidogo. Kijana aliwaeleza kwamba tangu mwaka 1985 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wamefanya kazi hapo pamoja na wale wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, wakiongozwa na Dakta Rick Potts, na kwamba mwaka 2018 walitangaza jambo kubwa. Katika tabaka za miaka kama 320,000 iliyopita mashoka makubwa hayaonekani tena. Mahali pake kuna vyombo vidogo, vyembamba, vilivyochongwa kwa ustadi, na vingi vimefanywa kwa jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Jiwe hilo si la Olorgesailie. Hutoka mwendo wa kilomita 25 hadi 50, na mengine mbali zaidi. Kwa hiyo watu wa siku hizo ama walisafiri sana, ama walikuwa na jirani zao wa mbali waliobadilishana nao vitu. Pamoja na vyombo hivyo yalikutwa mabonge ya mawe ya rangi nyeusi na nyekundu, na mekundu yana alama za kukwaruzwa na kutobolewa kwa chombo, ili kutoa unga.

"Mekundu namna gani?" akauliza mzee.

Kijana akamjibu kwa neno la Kimasai: "Olkaria."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mjukuu wake alistaajabu, kwani kwake yeye Olkaria ni mahali karibu na Naivasha panapotoka umeme wa mvuke, kama alivyosoma katika jiografia. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba pameitwa hivyo kwa ajili ya udongo mwekundu ambao babu yake alijipaka kichwani na mabegani alipokuwa morani. Kijana hakusema kwamba watu wale wa kale walikuwa Wamasai, na alifanya vema kutosema, maana sivyo. Wala hajulikani kama walijipaka mwilini, au walipaka ngozi walizovaa, au walitia alama ya kujulishana. Lakini waliona rangi kuwa kitu cha kuhangaikia, na hilo latosha kumfanya mtu asimame kidogo.

Mzee alikaa juu ya jiwe akauliza, "Na ngozi zao ziko wapi? Na nyumba zao? Na fimbo zao?"

"Zimeoza, Mzee. Kinachobaki ni jiwe na mfupa."

"Basi sisi tutakuwa hatukuwapo," akasema mzee. "Nyumba yetu ni miti na samadi. Nguo yetu ilikuwa ngozi. Tukihama, baada ya mvua chache ni nyasi tu."

Ni neno zito, na mwalimu hakulijibu kwa maneno ya kufariji. Alilijibu kwa habari. Aliwaeleza kwamba wataalamu waliochunguza nchi ya Narok waligundua kuwa mahali palipokuwa maboma ya wafugaji wa kale, miaka kati ya 1,500 na 3,700 iliyopita, pangali panaonekana hata kutoka angani, kwa sababu samadi ilirutubisha udongo, na nyasi tamu zimeota hapo tangu siku hizo, na wanyama wa porini huzifuata. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018 pia. Kila mfugaji ajua kwamba boma la zamani huota majani mazuri. Asichojua ni kwamba majani hayo ni kumbukumbu. Mzee alisema kwamba hilo anakubali, lakini nyasi hazitaji jina la mtu.

Ilipokuwa adhuhuri walikula chini ya mgunga, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata mjukuu hakulijua. Mzee alisema kwamba nyumbani anayo isurutia ya marehemu mama yake, pambo la waya wa chuma uliosokotwa, ambalo mke aliyeolewa huvaa shingoni. Mwaka 1961, wakati wa ukame mkubwa uliomaliza ng'ombe wengi wa Kajiado, mama yake aliuza shanga zake zote kwa unga wa mahindi, ila pambo hilo hakuliuza. Sasa mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, afikaye Kitengela mara kwa mara, amelitaka kwa bei ambayo ingelipa karo ya muhula mzima. Mzee alikuwa amekusudia kumpa jibu juma lile. Wakati huo msichana aliacha kula.

Mkulima alisema waziwazi kwamba karo ni karo, na kwamba chuma hakisomeshi mtoto. Mkewe akamkatiza akamwuliza kama angemwuzia mtu jembe la mama yake. Makarani nao wakagawanyika. Ni vizuri kusema hapa kwamba kila upande ulikuwa na haki. Ushanga wenyewe ni bidhaa tangu zamani: shanga za kioo za Venezia na Bohemia zililetwa bara na misafara kutoka pwani katika karne ya kumi na tisa, na Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883, alilazimika kukaa Taveta kwanza ili shanga zake zitungwe kwa namna ambayo Wamasai wangekubali kuzipokea. Hata leo upande wa Kitengela kuna karakana ambamo chupa zilizovunjika huyeyushwa kuwa shanga za kuuza. Hapana aibu katika kuuza ushanga. Lakini isurutia si ushanga tu.

Mwalimu ndipo akawapa habari za Oxford. Huko Uingereza kuna makumbusho yaitwayo Pitt Rivers, yaliyoanzishwa mwaka 1884, yenye vitu vingi vya Kimasai vilivyokusanywa wakati wa ukoloni; wakati ambao, kwa mapatano ya 1904 na 1911, Wamasai walihamishwa kutoka Laikipia na nchi za Bonde la Ufa, wengi wakaletwa katika hifadhi ya kusini ambayo Kajiado ni sehemu yake. Mwaka 2017 Bwana Samwel Nangiria wa Loliondo, Tanzania, alifika huko na kuona vitu ambavyo Mmasai hawezi kuviuza wala kumpa mgeni. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe anapokufa. Vitu vya namna hiyo vilihesabiwa vitano. Kila kimoja kina maana kwamba mtu aliumizwa, au aliuawa, au alinyang'anywa. Maandishi ya makumbusho hayakusema lolote juu ya hayo. Yalitaja tu jina la kitu, na mara nyingine hata jina lenyewe halikuwa sahihi.

Mzee akauliza wamejuaje ni vya nani. Mwalimu akasema kwamba Januari 2020 alikwenda laiboni, Bwana Lemaron ole Parit, pamoja na wajumbe wengine, akatazama kwa mawe ya enkidong, kibuyu kitakatifu cha malaiboni. Baada ya hapo wajumbe wakatafuta jamaa zenyewe katika Kenya na Tanzania, na mwaka 2023 wakuu wa makumbusho wakasafiri mpaka kwenye miji ya jamaa hizo, wakatoa ng'ombe kwa kufanya amani.

"Walitoa ng'ombe," akasema mzee polepole. "Wazungu wa Oxford."

"Walitoa, Mzee."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Lete daftari lako."

Saa nzima iliyofuata haikutumika kutazama mawe. Mzee alisema na msichana akaandika: jina la mama yake, na jina la baba yake mama, mahali alipozaliwa, fundi aliyeisokota ile isurutia, naye alikuwa wa ukoo wa wahunzi, rika lililokuwa na umorani mwaka huo, kisima walichonywesha, njia waliyohamia wakati wa ukame, na jina la Mhindi mwenye duka katika mji wa Kajiado aliyepokea shanga na kutoa unga. Kijana wa makumbusho alisogea akasikiliza. Mara mbili alimwomba mzee arudie neno, kwani alilisikia kwa nyanya yake lakini maana yake hakuijua. Mzee alimwuliza kama Makumbusho ya Nairobi hupokea vitu vya namna ile. Kijana akajibu kwamba hupokea na kuandika habari zake, lakini akamwomba asifanye haraka.

Anayetaka kwenda Olorgesailie na aondoke mapema, kwani saa sita jua la bonde halina huruma, tena avae viatu vigumu, maana miiba ya migunga hupenya ndala. Maji achukue ya kutosha; pale hayapatikani kwa urahisi. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 65 kwa barabara ya Magadi, na matatu ziendazo Magadi humshusha mtu karibu. Wakazi wa Kenya hulipa kidogo kuliko wageni wa nje, na watoto wa shule kidogo zaidi. Kuokota jiwe lolote na kulitia mfukoni ni marufuku, hata liwe dogo namna gani.

Karo ya muhula wa tatu ililipwa kwa mbuzi sita, waliouzwa katika mnada wa Bisil kwa bei isiyo nzuri. Isurutia ingali ndani ya sanduku la bati, na juu yake zimewekwa karatasi tatu zilizoandikwa pande zote mbili. Mnunuzi wa Kitengela amepiga simu tena.